Kidole Kisichosikia

Asubuhi nafua mashuka ya gesti,
kumi na manane leo, kuna harusi Chumbageni,
na maji ya bomba yametoka mapema,
yana uvuguvugu, kama yamelala na mtu.
Mhina amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Shule hakwenda. Tumbo, anasema,
tumbo lililokula vipande vitatu vya muhogo na chai.

"Bibi, mbona vidole vyako vimezeeka
na uso bado?"

Uso ulizeeka zamani, namwambia,
ila wewe umeuzoea.
Lakini natoa mikono kwenye povu, naitazama.
Kweli. Ncha zimejikunja, zimepauka
kama utando wa maziwa yaliyochemka.
Miaka thelathini nafua nguo za watu
na sikuwahi kuuliza.
Maji yameingia, najibu, ngozi imelowa
kama maharage ya kulaza usiku kucha.

"Maharage yakilowa yanajaa, Bibi.
Hayajikunji."

Huyo ndiye mwenye tumbo.

"Na hiki je?"
Amekamata kidole changu cha mwisho, cha kushoto.
Kimekaa kwenye beseni lile lile,
sabuni ile ile, tangu saa kumi na mbili,
na ncha yake imenyooka
kama ya mtoto wa juzi.

Hiki nilikikata Ngomeni, kwenye mkonge,
mwaka aliozaliwa Mwanjaa, mama yake huyu.
Kisu kiliteleza. Bombo wakashona,
nyama ikashikana na nyama,
ila tangu siku ile hakisikii.
Kikigusa sufuria ya moto
pua ndiyo huniambia.

Hakisikii.
Ndivyo tunavyosema kwa sikio,
kwa kidole, kwa mtoto mkaidi:
neno moja, na wote watatu
wanalipokea kimya.

Mhina hakuridhika.
Akaniamuru nikaushe mikono juani
hadi mikunjo yote iondoke,
akachota maji mapya, akatia mkono wake,
wangu akauweka kando ya wake.
Tusiongee, akasema. Nani aliwahi
kuninyamazisha uani kwangu?
Tukanyamaza.
Mashuka yakangoja. Jirani Mwanahawa akapita,
akauliza nani kati yetu anaaguliwa.

Vikaja taratibu:
chake cha shahada, changu cha kati,
vijimifereji vyembamba
kama tope la mikokoni maji yakishapwa.
Vitano vyake. Vinne vyangu.
Kile kimoja, kimya.

"Basi si maji," akasema.
"Maji yamevigusa vyote."

Akachomoka mbio nyuma ya choo,
penye kifauongo kinachotambaa ukutani,
akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa:
"Njoo uone! Nakigusa, kinajifumba!
Kimesikia, Bibi! Na mwili hivyo hivyo,
ukisikia maji, wenyewe unajikunja!"

Sijui kama ni kweli.
Sechonge, mpangaji wetu, anasomea uuguzi,
akirudi jioni ataulizwa hadi wali upoe.
Na hata kama ni kweli, unajikunja ili iweje?
Hilo nililisema kwa sauti, kwa bahati mbaya,
na sasa kipande changu cha sabuni kimetekwa:
anakishika kwa mkono uliolowa,
anakiachia, anakishika kwa mkavu,
kinaponyoka, kinaingia mchangani,
na mimi nina mashuka kumi na moja
na bwana harusi hana pa kulala.

Usiku, taa imezimwa,
nikakitia mdomoni kile kidole,
mtu mzima mimi, kama mtoto anayeachishwa ziwa,
nione mwenyewe.

Ulimi ulikisikia kidole:
chumvi kidogo, sabuni, kovu lenye kona.

Kidole hakikuusikia ulimi.

Nikalala chali muda mrefu, macho wazi,
nikijaribu kukumbuka
ni upi kati yao niuite mimi.